Shoga yangu, chukua likizo yako

Dodoma, Jumapili mchana

Shoga yangu mpenzi,

Habari za Mwanza? Watoto hawajambo? Na mama kule Ukerewe, mguu umepoa? Sisi huku wazima, tunaendelea na vumbi letu na upepo wa jioni.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni, nikazima jiko, nikakaa kitako nikaurudia tangu mwanzo. Sikutaka kukujibu kwa sauti katikati ya vikao, ndiyo maana unapata barua.

Umesema mengi, lakini mawili yamenikaa. La kwanza, kwamba unaamka saa tisa usiku ukiwaza salio lisilokubali, hupati tena usingizi mpaka waadhini, na sasa umefika mahali unataka kuandika barua ya kuacha kazi. La pili ulilitaja kwa kupita, tena kwa fahari kidogo: tangu upewe uhasibu mkuu hujachukua likizo hata moja, na bosi anawaambia wageni kwamba bila wewe ofisi haiendi. Mimi haya nayaona ni jambo moja. Na kwa kuwa mkate wangu unatokana na ukaguzi, acha nikueleze sisi wakaguzi tunavyoliona.

Nikienda kukagua idara ya fedha, kabla sijagusa leja huwa naomba rejista ya likizo. Nikikuta mtu anayeshika fedha mstari wake ni mweupe, mwaka huu hana, mwaka jana hana, jina lake naliandika pembeni. Sijasema ni mwizi. Ila wizi mwingi wa hesabu unataka mwenyewe awepo kila siku. Unakumbuka tulivyofundishwa pale IFM, chuo chetu cha fedha: mtunza fedha anakula malipo ya mteja wa kwanza, pengo analiziba kwa malipo ya mteja wa pili, la pili kwa ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Mchezo huo haukubali likizo. Siku akikaa mtu mwingine kwenye kile kiti, mteja anapiga simu kuuliza mbona bado anaonekana anadaiwa, na yote yanafumuka. Ndiyo maana mabenki mengi yanamlazimisha mfanyakazi aondoke wiki mbili mfululizo kila mwaka, atake asitake, na akiwa nje mfumo unafungwa asiingie. Lile sakata la Société Générale kule Ufaransa mwaka 2008, ambapo biashara alizoficha Jérôme Kerviel ziliigharimu benki euro bilioni 4.9, lilipochunguzwa ilionekana kwamba mwaka uliotangulia alikuwa hapumziki, likizo yake ilikuwa siku za kuhesabu. Wakubwa zake walimwona mchapakazi.

Wewe uaminifu wako nauwekea dhamana popote. Ninachokuambia ni kwamba ofisi isiyoweza kukaa mwezi mmoja bila mtu fulani ni ofisi mgonjwa, mtu huyo awe mwizi au awe malaika. Mwizi anaficha wizi. Mwaminifu aliyechoka anaficha makosa, na hata yeye mwenyewe hajui kama anayaficha. Si ulinisimulia ankara ya yule mzabuni wa mafuta ilivyolipwa mara mbili, ukaigundua kwa bahati tu kwa sababu mwenyewe alikuwa muungwana akapiga simu? Hilo si kosa la mtu asiyejua kazi. Ni la mtu ambaye macho yameona tarakimu mpaka hayazioni tena.

Kwa hiyo bosi anapokusifu kwamba bila wewe ofisi haiendi, mwenzangu, sifa hiyo usiipokee. Anakutajia udhaifu wa ofisi yake, na wewe unaupokea kama zawadi.

Nije kwenye afya yako, maana hapa ndipo nina hofu kweli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi, katika orodha yake mpya ya kimataifa ya magonjwa, hali inayompata mtu pale msongo wa kazi unapodumu bila kushughulikiwa. Hawakuiita ugonjwa, waliiita hali itokanayo na kazi, na wakataja dalili tatu: nguvu kukuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi, ukaanza kuichukia au kuikejeli, na kuona kwamba huwezi tena kazi uliyokuwa unaiweza. Ile ya kwanza kila mtu Tanzania anayo ikifika Ijumaa. Iliyonishtua kwako ni ya pili. Wewe uliyekuwa unajua wasambazaji wako wote kwa majina ya watoto wao, leo unaniambia wote ni wasumbufu na hutaki hata kupokea simu zao. Na ya tatu nimeisikia pia, uliposema labda cheo hiki hakikuwa chako. Kilikuwa chako. Wewe na CPA yako, cheti chako cha uhasibu, mlikitafuta kwa jasho.

Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu zao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa takriban asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40. Wewe unaingia saa moja na nusu asubuhi, unatoka saa mbili usiku, na Jumamosi upo. Hesabu hizo nakuachia mwenyewe, ni fani yako. Na presha baba yako alikuwa nayo. Kabla ya wiki hii kwisha nenda kapime, usisubiri likizo kwa hilo.

Najua utaniambia sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki. Inasema kweli, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na saa za ziada nazo zimewekewa mpaka wa 50 katika kila wiki nne. Lakini isome vizuri. Mtu anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri, na anaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, mipaka hiyo ya saa haimhusu. Ulipopanda cheo, ulitoka chini ya mwavuli huo, na naamini hakuna aliyekuambia siku unapewa barua. Kwenye likizo hujatolewa. Siku 28 mfululizo kila mwaka, zenye malipo, ni zako kama zilivyo za mfagizi wa ofisi yenu. Ndicho kilichobaki mkononi mwako, nawe ndicho unachokiacha mezani.

Haya, utauliza, nitaondoka lini? Mwezi wa mhasibu hauna mlango. Tarehe 7 kodi za mishahara na SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, tarehe 20 ritani ya VAT, mwisho wa mwezi mishahara na kufunga hesabu, Juni ritani za mwaka, wakaguzi wa nje nao wanakuja wakijisikia. Nimekaa na kalenda nikakutafutia. Ukishatuma ritani ya VAT tarehe 20, ondoka tarehe 21. Siku 28 zinakurudisha ofisini kabla ya tarehe 20 nyingine, ilimradi usiondoke Februari. Utakaokuwa umewaachia wenzako ni mwisho wa mwezi mmoja na tarehe 7 moja. Mishahara na tarehe 7, basi. Kuna mtu hapo ofisini anaweza kufanya hayo mawili, nawe unamjua.

Namsema yule kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akabaki. Umenilalamikia kwamba akilinganisha leja na taarifa ya benki unairudia kazi yote upya usiku, kwa sababu ukifanya mwenyewe ni haraka zaidi. Ni kweli ni haraka, kwa mwezi huu. Ila mwezi ujao utairudia tena, na mwakani, na yeye atabaki kuwa mtu wa kupeleka hundi na kuchapa vocha. Shoga, chuoni tulifundishwa kila kitu kuhusu debiti na krediti, na hakuna aliyetufundisha kumwachia mwenzako kazi akaikosea mbele ya macho yako huku umekunja mikono. Kwangu mimi hapo ndipo mtu anapokua kazini. Cheo kinakuja kwa barua, lakini ukubwa unaonekana pale kazi inapotoka vizuri kwa mkono wa mtu uliyemfundisha.

Fanya hivi. Mwisho wa mwezi huu mkalishe yeye kwenye kiti, wewe kaa pembeni. Mausi usiiguse. Akikwama, muulize yeye angefanya nini, kisha subiri. Kimya hicho kitakutesa kuliko kazi yenyewe, nakujua. Akikosea mwambie palipokosewa, lakini arekebishe mwenyewe mpaka salio likubali, hata kama mtatoka saa tatu. Mwezi wa pili mwache peke yake asubuhi nzima, wewe upitie mchana. Na nunua kaunta buku, ile kubwa yenye jalada gumu, kila unachokifanya kwa kichwa kiandike humo: nani apigiwe benki muamala ukikwama, mzabuni yupi ankara zake huja na VAT imekosewa, faili la mikataba liko kabati gani. Vitu hivi unaviona vidogo kwa sababu viko kichwani kwako. Kwa mtu aliyeachwa peke yake tarehe 6 jioni ndivyo vinavyoleta kilio.

Jambo moja tu, na hili nalisema kama mkaguzi: usimpe neno lako la siri, wala tokeni yako ya benki, kile kifaa cha kuidhinishia malipo, hata kwa saa moja. Najua ofisi nyingi hufanya hivyo, mtu anaenda kujifungua anaacha tokeni kwenye droo. Afunguliwe akaunti yake kwenye mfumo, yenye kikomo chake, na benki wapelekewe barua ya kubadilisha waidhinishaji wa malipo kwa kipindi hicho. Mtayarishaji awe mmoja na mwidhinishaji mwingine. Hapo hata likitokea la kutokea, jina lako liko safi nawe uko zako.

Kwa bosi usiende kuomba huruma. Hatakuelewa ukimwambia umechoka, yeye mwenyewe amechoka. Zungumza naye lugha ya hasara. Mwambie: mhasibu mkuu akiumwa ghafla leo, mishahara ya wafanyakazi haitoki, nataka tuijaribu ofisi kabla Mungu hajaijaribu. Mwambie pia wakaguzi wa nje wakiligundua jambo hili wataliandika kwenye barua yao kwa menejimenti, na ni afadhali mlishughulikie kabla hawajafika. Ombi lako liwe la maandishi, lenye tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, jina la atakayekaimu na hati ya makabidhiano imeambatishwa. Kama atakataa, naye akatae kwa maandishi.

Kuhusu kuacha kazi, sikwambii ubaki, na sikwambii uondoke. Ninachokuomba ni usiandike barua hiyo ukiwa hujalala. Mtu aliyechoka anaona milango miwili tu, kuvumilia au kukimbia. Una mkopo wa SACCOS, una ada za Januari, una wadogo zako wanaokutazama. Ondoka kwanza hizo siku 28, ulale. Kama utarudi na bado tumbo linakukaza ukiona lango la ofisi, hapo nipigie, tukae tuandike barua hiyo pamoja, na CV yako nitaipitia mwenyewe. Na kama ukiwa likizo wanakupigia kila siku kuuliza faili liko wapi, hilo nalo ni jibu, tena jibu kubwa kuhusu mahali hapo.

Likizo yenyewe usiigeuze kuwa kazi nyingine. Nakusikia tayari unapanga kumalizia nyumba ya Buswelu, kusimamia mafundi, kukimbizana na simenti. Mafundi wasubiri. Jitoe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na kijana mpe saa moja ya siku anayoweza kukupigia kukiwa na dharura ya kweli. Kisha panda meli ya Nansio ukakae na mama. Miaka yote hii unamtumia hela kwa simu na kumwona sikukuu kwa haraka haraka. Kaa naye, mle sato, mwende wote sokoni kwa mwendo wake huo wa mguu mbovu. Watoto shule ikifungwa wakufuate.

Nimekuambatishia kwenye barua pepe mfano wa hati ya makabidhiano tunayoitumia sisi, nimeufuta majina. Ujaze tu. Nakuomba kabla ya mwisho wa wiki unitumie vitu viwili: namba ya presha yako, na tarehe 21 ya mwezi gani umeandika kwenye ombi. Usiponitumia nitapanda basi nije Mwanza, na unajua sitanii.

Msalimie sana mama, na wanao wabusu kwa niaba yangu. Shemeji naye mwambie zamu yake ya kupika imefika.

Akupendaye siku zote,
Shoga yako wa Dodoma