Karatasi ya malalamiko hupita mkononi mwa nani?

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa magereza unapozuka, hakosi msomaji wa kutukumbusha kwamba Marekani mfungwa humshtaki askari magereza mahakamani na kulipwa fidia. Ni kweli. Sheria anayoitumia ilitungwa mwaka 1871, kuwalinda watu weusi dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na maofisa waliowafumbia macho, na tangu miaka ya 1960 wafungwa nao wanaitegemea.

Ila wasifuji hawaigusi ile ya mwaka 1996, inayomtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko mle mle gerezani. Akiruka ngazi, au siku zikimpita, kesi inatupwa hata kama ana makovu ya kuonyesha. Ada ya dola 350 hasamehewi hata akiwa fukara; hukatwa kidogo kidogo kwenye akaunti yake ya gerezani.

Sasa malalamiko hayo anamkabidhi nani? Mfungwa mmoja wa Michigan alidai kuwa mtumishi wa gereza aliyekuwa akimnyanyasa kingono ndiye huyo huyo aliyeziharibu fomu zake, tena akamtishia kumuua akileta nyingine. Mahakama ya chini ikasema hakumaliza ngazi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere! Mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo, na Juni 2025 majaji watano wa Mahakama ya Juu, dhidi ya wanne, wakaamua kwamba suala la fomu limefungamana na kiini cha kesi, kwa hiyo lisikilizwe na jopo la raia, si jaji peke yake. Na hapo hajashinda kitu. Amepata tu pa kusemea.

Siandiki haya kuwacheka Wamarekani. Hapa kwetu Tanzania mfungwa akitaka kukata rufaa, karatasi zake hupitia kwa mkuu wa gereza. Nimevaa sare miaka 23, na barua za wafungwa nimezipokea kwa mikono hii. Nyingi nilizifikisha siku hiyo hiyo. Moja niliilaza kwenye droo wiki mbili, maana ilimtaja mwenzangu tuliyekuwa tukila naye sahani moja. Mfungwa yule alinipita kila asubuhi akienda shamba, "Jambo afande," akinitazama usoni. Hakuniuliza hata mara moja.

Askari magereza mstaafu,
Dodoma