4K ya nini kama uso hauonekani?

Ndugu Mhariri,

Siku hizi ni nadra tamthilia mpya kutangazwa bila kujisifu kwamba imepigwa kwa 4K. Haya, tunaifungua. Mama mwenye nyumba amesimama mbele ya dirisha saa saba mchana, pazia linawaka nyuma yake, na yeye amebaki kivuli kinachoongea. Analia, lakini machozi yake tunayasikia tu.

4K ni picha ya nukta (pikseli) 3840 kwa 2160, mara nne ya HD kamili. Nukta hizo hazijui uso uko wapi. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe hutafuta wastani wa fremu nzima, na kwenye sebule zetu wastani huo unatawaliwa na ukuta wa krimu, kochi jeupe na dirisha. Inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na anayeumia ni mwigizaji mweusi aliyeketi katikati. Mpiga picha anayeijua kazi yake hupima mwanga wa uso kwanza, halafu ukuta atajua aufanye nini: auzimie taa, au amsogeze mwigizaji hatua mbili mbali nao.

Najua historia haikuwa upande wetu. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi haikuwemo kwenye hesabu. Inasimuliwa kwamba Kodak walianza kuzijali rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri pichani. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu! Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 aliukataa mkanda wa Kodak kwa sababu hiyohiyo. Lakini leo hatupigi kwa mkanda, na kamera za kidijitali, hata za bei ya kati, zinamudu ngozi zetu vizuri kabisa zikimulikiwa.

Tazama *Moonlight* ya Barry Jenkins, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2017. James Laxton aliipiga kwa kamera ya Alexa ambayo haifiki hata hiyo 4K. Badala ya kuwapaka waigizaji poda ya kuua mng'ao, waliwapaka mafuta, kwa kuwa ngozi nyeusi huonekana kwa mwanga inaourudisha. Sisi tuna mafuta ya nazi kila duka, ila kwenye seti bado tunapaka poda iliyozidi weupe wa shingo ya mwigizaji. Wala sisemi hatuna mafundi. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetuonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950 na nyuso zake zote zinasomeka.

Kuna na hili la taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hufifia mara mbili, kwa hiyo taa ya tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga wa kila picha, ya 1/60 ya sekunde, kama kamera na simu nyingi zinavyokuja kutoka dukani, mistari inapanda na kushuka ukutani mpaka mtazamaji aumwe kichwa. Dawa yake ni fremu 25 na shata ya 1/50, zinazolingana na mpepeso huo. Haigharimu hata senti. Ninaona mistari hiyo kwenye vipindi vinavyorushwa saa mbili usiku, muda ambao matangazo yake hulipiwa ghali, na sielewi mhariri wa picha aliipitishaje.

Vituo vinavyonunua tamthilia vingeweza kuweka sharti moja kabla ya kusaini: kipande cha dakika kumi kitazamwe kwenye simu ya kawaida, mchana, maana huko ndiko wengi tunakotazamia kwa bando letu dogo. Nukta zikishabanwa kupita mtandaoni, kinachobaki ni mwanga.

Nanyi kwenye ukurasa wenu wa burudani, mnapochambua filamu mnamtaja mwigizaji, mwongozaji, hadi aliyeimba wimbo wa mwisho. Mtajeni na mpiga picha, tujue wa kumpongeza na wa kumuuliza.

Msomaji wenu,
Tanga