Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mauzo yametulia, tujipange upya

Ndugu wanachama,

Mahesabu ya chama mtayasikia kwa mweka hazina, nami sitamwingilia. Ada zimeingia kwa kusuasua, ukaguzi umekamilika, na vitabu viko wazi kwa anayetaka kuvipekua. Mimi nataka tuzungumzie maduka yetu.

Sisi wauza vifaa vya ujenzi wa Dodoma, tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia hapa, tulizoea mauzo kupanda kila mwaka. Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, Mtumba ikaota majengo ya wizara, watu wakajenga mpaka Ihumwa na Nala. Saruji ilikuwa haijashuka kwenye lori, mteja ameshalipa. Nani angepoteza muda kuhesabu stoo? Sasa wengi mnaniambia maneno yaleyale: mauzo hayajaporomoka, ila hayapandi. Fremu za vifaa ziko kila kona, na wakandarasi wakubwa wanachukua mzigo kiwandani wenyewe.

Najua wapo watakaonibishia, lakini dawa si kufungua tawi jingine. Tawi jipya litabeba ugonjwa uleule na kodi ya fremu juu yake. Mauzo yalipokuwa yakipanda yalifunika uvujaji, na uvujaji huo ndio sasa unakula faida.

Kamati ilipopita madukani ilikuta stoo ambayo mifuko ya saruji imelazwa sakafuni, imegusa ukuta, na mzigo mpya umepangwa mbele ya ule wa zamani. Kijana anachota wa mbele, wa nyuma unaganda. Tupige hesabu: tuseme mfuko umekugharimu shilingi 15,000 na faida yake ni 500. Ukiganda mmoja, lazima uuze mingine 30 ili urudi pale ulipokuwa. Wekeni mbao chini, acheni nafasi ukutani, ulioingia kwanza utoke kwanza. Na agizeni kidogo kidogo. Kujaza stoo kulikuwa na maana wakati mzigo haukai wiki.

Mali kauli, yaani kutoa mzigo kwa mkopo wa kuaminiana, ndiyo inayotuumiza zaidi. Duka moja lina daftari la madeni lenye majina kama “fundi wa Nkuhungu” na “mama geti jekundu”. Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana wengi wetu tuna daftari kama hilo. Unachukua mkopo benki, unaweka mzigo, unamkopesha mkandarasi mdogo ambaye naye anasubiri kulipwa na mkandarasi mkubwa. Riba inakwenda kila mwezi, yeye anakwambia “bosi, wiki ijayo”. Kila mkopaji awe na jina kamili, saini, kikomo cha deni na tarehe ya kulipa. Asiyelipa deni la kwanza asipewe la pili, hata kama mnaswali au mnasali pamoja.

Kuhusu fedha, anayepokea malipo asiwe ndiye anayetoa mzigo stoo. Jioni, ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine ya risiti ya EFD, ilinganishwe na droo na miamala ya Lipa Namba. Zipo fedha za wateja zinazoingia kwenye namba binafsi ya kijana wa duka, na mwenye duka anasema, “Huyo ni mtoto wa dada yangu.” Hewala, lakini mtoto wa dada naye ana simu.

Programu za mauzo mnazoletewa na mawakala ni nzuri, ila msinunue kabla ya kuhesabu stoo yote kwa mkono mara moja. Ukiingiza hesabu ya kubahatisha, kompyuta itakurudishia ileile, safari hii imechapwa vizuri. Kipindi cha mvua, wateja wengi wanapokuwa mashambani, kinafaa kwa kazi hiyo.

Limebaki pendekezo la baadhi yenu kwamba majina ya wadaiwa sugu yawekwe kwenye kundi letu la WhatsApp. Kamati imegawanyika. Mimi napinga: tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na deni la mtu si tangazo la mnada. Ninachokubali ni mwanachama kumwomba mteja mkubwa barua ya utambulisho kutoka duka alilokuwa akinunua. Hoja zote mbili zitapigiwa kura kabla ya chakula, na wenye ada ya mwaka huu ndio watakaonyoosha mkono.

Mwenyekiti