Barua ya wazi kwa Mkuu wa Udahili: tupeni tarehe, hata kama jibu ni hapana

Kwako Mkuu wa Udahili, Kitivo cha Uuguzi,

Salaam. Nakala ya Kiingereza ya barua hii iko tayari kwenye barua pepe ya ofisi yako. Jina la chuo chenu sitalitaja hapa, maana ninayoyasema yanawahusu wenzako wengi pia. Hii ya Kiswahili ni ya wenzangu wa Brooklyn Park, Lowell, Dallas na kwingineko hapa Marekani wanaosubiri majibu kama mimi, wajue nimekwambia nini.

Mimi ni Mkenya. Nina shahada ya kilimo niliyoipata nyumbani, na hapa Minnesota nafanya kazi ya CNA, msaidizi wa wauguzi, zamu ya usiku kwenye makao ya wazee. Nimeomba nafasi katika programu yenu ya kasi, ABSN, ile ya wenye digrii ya fani nyingine. Sina ugomvi na programu yenyewe. Saint Louis University walianza ya namna hiyo mwaka 1971, na mantiki yake iko wazi: mtu mzima aliyekwisha kusoma harudishwi nyuma miaka 4. Anasoma uuguzi mtupu, mwaka mmoja au mmoja na nusu bila kupumua, kisha anafanya mtihani wa leseni, NCLEX, kama muuguzi mwingine yeyote. Ugomvi wangu ni kimya chenu.

Sijui kama pale ofisini mnafahamu jasho linalomwagika kabla fomu haijawafikia. Digrii ya nje lazima ipite kwa watathmini kama WES, wanaoipima kozi moja moja, nao wanataka matokeo yatoke chuoni kwenyewe. Basi binamu yangu akapanda matatu alfajiri, akapanga foleni kwa msajili, akaambiwa aje kesho. Alipokuja kesho akaambiwa mwenye muhuri yuko mkutanoni. Muhuri huo lazima ugongwe kwenye mdomo wa bahasha, nusu juu ya kifuniko na nusu kwenye bahasha yenyewe, ijulikane kwamba haijafunguliwa. Alinitumia picha kabla ya kuiposti, nikaikuza kwenye simu kuangalia kama wino umeshika.

Halafu yakaja masomo ya msingi: anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, maikrobiolojia, kemia, takwimu, lishe. Maikrobiolojia ya udongo niliyoisoma Kenya haikuhesabiwa. Nikayasoma upya kwenye chuo cha jamii kwa pesa yangu mwenyewe, maana mwenye shahada ya kwanza, hata iwe ya nje, hapati Pell, ruzuku ya masomo ya serikali ya Marekani. Na masomo haya huchacha kama maziwa. Kuna vyuo vinavyoyakubali yakiwa na umri usiozidi miaka 5, vingine 7, vingine 10. Juu yake weka mtihani wa kuingilia uuguzi, TEAS au HESI kutegemea chuo, barua za wadhamini, insha, na ada ya kila programu unayoiomba.

Baada ya yote hayo, potali, ukurasa wa mtandaoni wa kufuatilia maombi. Tangu nitume maombi, maneno ni yale yale: yanashughulikiwa. Usiku kazini tunawageuza wazee kila baada ya saa mbili wasitoke vidonda. Raundi ikiisha, wasaidizi watatu tunajikuta kwenye chumba cha mashuka, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na potali ya chuo chake. Hakuna anayeuliza "vipi?" Sura zinatosha.

Sasa sikiliza kimya hicho kinavyotugharimu. Chuo kingine kimenikubali. Kinataka dola mia kadhaa za kushikilia nafasi, zisizorudishwa, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa ijayo. Chenu kina karo nafuu na kiko karibu na ninapoishi. Nikilipa kule kisha mkanikubali, pesa imekwenda. Nisipolipa, kisha mkanikataa, nimepoteza mwaka mzima na maikrobiolojia yangu imezidi kuzeeka. Tena mama yangu ndiye wa kuja kukaa na watoto nikianza, kwa kuwa programu hizi hazimwachii mtu nafasi ya kulea. Naye lazima aombe viza Nairobi, na miadi ya mahojiano ubalozini haipatikani kwa kuamka tu asubuhi. Nimwambie anahitajika Januari au Mei? Hana hasira na mimi bado, lakini kila akipiga simu anaanza na swali hilo kabla ya salamu.

Mtaniambia waombaji ni wengi. Ni kweli. Jumuiya ya vyuo vya uuguzi ya Marekani, AACN, ilihesabu maombi 65,766 yaliyotimiza sifa ambayo hata hivyo yalikataliwa mwaka 2023, ya shahada ya kwanza na za juu kwa pamoja. Sababu zinaeleweka: walimu hawatoshi, hospitali zina nafasi chache za mafunzo ya vitendo, madarasa ni madogo, bajeti ni finyu. Muuguzi mwenye shahada ya uzamili akijua wodini atalipwa zaidi, ubaoni atakaa kwa ajili ya nani? Hayo huwezi kuyatatua ukiwa peke yako, na siyo ninayoyaomba.

Lakini itazame vizuri hesabu hiyo. Ni maombi, si watu. Mtu mmoja anaomba vyuo vitano, sita, na anafanya hivyo kwa kuwa hakuna hata kimoja kinachosema kitajibu lini. Kama ningejua mapema kwamba ninyi mnajibu tarehe fulani, ningeomba viwili nikatulia. Kimya chenu ndicho kinachozijaza meza zenu makaratasi, na zikijaa mnazidi kunyamaza. Mnasema mnasoma maombi kadiri yanavyoingia. Basi sisi tuliotuma dirisha lilipofunguliwa tumekwisha kusomwa, na jibu liko mahali fulani kwenye kompyuta ya mtu.

Tupeni tarehe, muiweke kwenye tovuti, na muiheshimu kama mnavyotudai tuheshimu ya kwetu. Kama digrii ya nje au umri wa kozi vitamwangusha mtu, vikagueni kabla ya kupokea ada yake, si baada. Na aliye kwenye orodha ya kusubiri aambiwe ni wa ngapi: wa tatu ana sababu ya kukaa, wa arobaini anahitaji kwenda zake. Msione huruma kusema hapana. Tunaiweza, wengi wetu tumewahi kusimama kwenye dirisha la ubalozi.

Malipo ya chuo kile kingine yanafungwa Ijumaa saa sita usiku. Nisipowasikia hadi Alhamisi jioni, nitalipa kule, kisha nitaingia kwenye potali yenu nijiondoe, ili anayenifuata asogee. Huyo mpigieni siku hiyo hiyo, huenda naye ana malipo ya Ijumaa.

Ni mimi,
Mwombaji wa muhula wa Januari,
Minnesota