Msimu wetu wa michezo ya kuigiza, Kisumu

Hamjambo wanakikundi? Ratiba ya msimu iko tayari.

Tunafungua Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kwa usomaji wa jukwaani wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, watu wa kusini mwa Tanganyika walipopigana na Wajerumani. Hakuna mavazi wala mapambo: wasomaji wanaketi kwenye stuli, maandishi mkononi, na mmoja anasoma maelekezo ya jukwaa. Jameni, msidhani ni onyesho hafifu. Mwishoni, Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akane nguvu ya maji hayo. Anakataa, maana watoto wataambiwa kuwa wazee wao walikosea kupigana. Juzi tulipoisoma mezani, chumba kizima kilinyamaza. Sehemu hiyo haihitaji taa, inahitaji sauti.

Baadaye tutaigiza Usaliti Mjini ya Francis Imbuga, mwana wa Maragoli. Mchezo huu uliiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, Lagos, mwaka 1977, na naona ni haki yetu watu wa magharibi mwa Kenya kuuona kwa karibu. Bado tunamtafuta wa kuigiza Jusper, mmoja wa wahusika wake: kijana mwenye pumzi na asiyeogopa kimya.

Tunaanza saa kumi kamili alasiri ili wa Kondele, Nyalenda na Mamboleo wapate matatu mapema. Onyesho likianza, mlango haufunguliwi. Kiingilio mtumieni mweka hazina kwa M-Pesa, si mimi. Anayetaka kusoma aniandikie kando kufikia Ijumaa.