Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: boma la usiku litangulie kifuta jasho

Mheshimiwa Waziri,

Kanuni za mwaka 2011 zinampa mwananchi aliyedhurika na wanyama wakali kifuta jasho kwa mali, na kifuta machozi kwa jeraha au kifo. Serikali yenyewe haikuyaita malipo hayo fidia. Ng'ombe wa maziwa akishaliwa, hakuna malipo yanayowarudishia watoto maziwa ya mwaka ule. Ombi letu ni kwamba vijiji vya Simanjiro vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire vitengewe fedha za kuimarisha maboma ya usiku, na fungu hilo litangulie lile la kifuta jasho.

Msimu wa mvua ndio wa hatari. Nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini na kwenda kuzaa kwenye mbuga za Simanjiro, kwenye ardhi ya vijiji, na simba na fisi huwafuata. Wakati huohuo ndipo boma la miiba linapokuwa dhaifu: matawi yamelowa na kuoza, na mchwa wamekula chini. Watu wengi hudhani simba huruka uzio akachukua ng'ombe. Mara nyingi si hivyo. Ng'ombe wakimnusa hushtuka, wakaubomoa uzio wenyewe na kukimbilia gizani, na huko nje simba anaweza kuua zaidi ya mmoja. Kwa hiyo uzio una kazi mbili: simba asiingie, na ng'ombe asitoke.

Uzio wa namna hiyo umeshajengwa Simanjiro: nguzo za mti unaochipua, zikavishwa wavu wa senyenge. Wamaasai wanaujua vizuri mti wa osilalei, ambao tawi lake likikatwa na kufukiwa huota. Nguzo zikatwe mwishoni mwa kiangazi kabla majani hayajatoka, nene kama mkono wa mtu mzima, urefu futi 8. Ziachwe kivulini siku kadhaa mpaka mahali palipokatwa pakauke. Zikipandwa zingali zinatoa utomvu, nyingi huoza. Kisha zifukiwe futi 2. Boma la kipenyo cha mita 30 lina mzingo wa mita 94 hivi, yaani roli 6 za wavu zenye mita 18 kila moja, na nguzo 94 zikiachana mita moja. Wavu wa futi 6 uingie ardhini futi 1 na kukandamizwa kwa mawe, maana fisi hupita chini. Waya usizungushwe shina zima. Mti ukinenepa waya huukata, na nguzo hufa. Upigwe misumari upande mmoja tu.

Kazi yote huharibikia langoni. Familia hugharimia wavu, kisha usiku huziba mlango kwa tawi la mwiba. Tunasisitiza hili kwa sababu makadirio mengi ya gharama huhesabu roli na kusahau lango: fremu ya chuma yenye bati nene, nafasi ya chini isiyozidi upana wa kiganja, na lango lifunguke kwa ndani, ili ng'ombe wakilisukuma kwa hofu lizidi kujifunga. Zizi la mbuzi na ndama liezekwe juu pia, kwani chui hupanda.

Uzio haumsaidii mnyama aliyelala porini. Mifugo ihesabiwe kila jioni, na kundi lichungwe na mtu mzima badala ya mtoto. Pale hasara inapozidi ndipo baadhi ya watu hutia sumu kwenye mzoga, na sumu hiyo haichagui: hufa fisi, mbwa wa nyumbani na tumbusi wengi kwa mara moja.

Kwa hasara zitakazobaki, tunaomba askari wa wanyamapori wa kijiji afundishwe kukagua mzoga ndani ya saa 24, na fomu aliyosaini ikubaliwe kama ushahidi. Achune ngozi penye alama za meno. Damu iliyovilia chini yake inaonyesha mnyama aliumwa akiwa hai. Pasipo damu hiyo, huenda alikufa kwa ugonjwa na fisi akaukuta mzoga. Simba hubana koo. Fisi huanzia tumboni na mapajani, na unyayo wake huonyesha kucha, tofauti na simba na chui wanaozirudisha ndani wanapotembea.

Mwisho, Mheshimiwa, suala la tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai, na nguzo hukatwa Septemba na Oktoba, kabla ya vuli. Fedha zikifika Januari wavu utakaa stoo hadi kiangazi kijacho. Tunaomba fungu la kwanza lifike vijijini mwezi Agosti.

Wako,
Wafugaji na wahifadhi wa vijiji vya Simanjiro