Kabla ulipe minervali (feza ya shule), ona kwanza kazi za wanafunzi

Kamarade yangu,

Jambo sana, na salamu kwa mama na kwa wadogo wote pale Likasi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa ku atelye mashini ya kuchapa mabashi, zile turubai za matangazo, inapiga kelele, na nimeona heri nikujibu kwa marefu. Kama nimekuelewa vizuri diplome d'Eta ya kumaliza sekondari uko nayo, baba anataka usome informatiki juu anasema njo iko na kazi, wewe roho yako iko ku multimedia, ile ya picha, sauti na video, na umepata shule tatu: moja ya hapa Lubumbashi, kituo cha miezi sita, na Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa.

Nianze na baba, juu baba ana haki ya kuuliza mutoto atakula nini. Usimuambie tu "napenda kuchora", hiyo haitamutuliza. Umuonyeshe kwamba bashi ya kanisa, karatasi ya ku chupa ya maji, afishi za wakati wa uchaguzi, klipu za wanamuziki, zote kuna mutu alizitengeneza na akalipwa. Halafu umuambie habari ya migodi, na hii uishike vizuri juu mi naona njo penye feza iko huku kwetu: kampuni za shaba na kobalti zinatumikisha watu wengi ambao Kifaransa kinawapita, na kila mutu mupya anapaswa kufundishwa usalama kabla aingie kazini, sasa mutu anayejua kupanga picha, sauti na maandishi ya Kiswahili mupaka fundi wa chini aelewe na arudi nyumbani muzima, sioni vile yule atakosa kazi. Baba mwenyewe aliishi na Gécamines, ile kampuni ya migodi ya serikali, ataelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Sasa shule. Zote zitakupa karatasi yenye majina ya programu, Photoshop, Illustrator, Premiere, na wewe utafurahi. Usichague kwa ile karatasi. Kuna watu walisoma Flash tu, programu ya kufanya picha zitembee, tovuti nyingi zilikuwa zinacheza na Flash, kisha Adobe ikaacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020 na ikaisha. Wale waliojua kuchora, kupanga herufi, kufanya kitu kitembee vizuri mu picha 25 kwa sekunde, walihamia programu ingine na maisha ikaendelea. Wengine walibaki na cheti tu.

Ngoja nikuonyeshe kitu cha hapa kazini. Wiki hii mama mumoja alileta logo ya duka lake, ilitoka ku WhatsApp, anataka bashi ya mita 3 kwa 2. WhatsApp imeshaifinya ile picha, ukiivuta inavunjika viraba-viraba. Na rangi yake ya machungwa ilikuwa inawaka ku simu, lakini ku wino itatoka imefifia, juu ekrani inachanganya mwanga, nyekundu na kijani na bluu, na mashini inachanganya wino, sian, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino haufikii hata ufanye nini. Basi tulikaa na Inkscape, programu ya kuchora, tukaichora upya ile logo kwa mistari, nukta kwa nukta, herufi kwa herufi, mupaka sasa unaweza kuiweka ku kadi ndogo ao ku ukuta muzima na haivunjiki. Tulikuwa na kijana wa staji, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, mwaka wa tatu, analipa minervali kila mwaka, na hii yote alikuwa anaiona mara ya kwanza. Iliniuma kweli, si kwa ajili yake, kwa ajili ya wazazi wake.

Kwa hiyo ukifika ku shule yoyote, omba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akufungulie mashini akuonyeshe kazi alizofanya mwenyewe. Akianza kuzunguka-zunguka, umeshajibiwa. Angalia ordinateri (kompyuta) ngapi zinawaka, na kama chumba chake kinabaki wazi kisha masomo, na SNEL, kampuni ya umeme, ikikata kurant wanafanya nini. Uliza pia kama fasi imekubaliwa na wizara, juu siku hizi ni LMD, mupango wa lisansi, masta na doktora, lisansi miaka 3, na usipende kusoma yote ile halafu karatasi ikatae kukupeleka ku masta.

Beaux-Arts ya Kinshasa ni shule ya heshima, ilianza 1943 kama shule ya Saint-Luc pale Gombe-Matadi, na komunikasio vizieli, kupasha habari kwa picha, wanaifundisha. Ule mukono wako wa kuchora ungenolewa vizuri kule. Lakini ndege, nyumba, chakula... Kama tantine yako wa Kinshasa anakubali kukupokea, wende bila kufikiri mara mbili. Kama hapana, soma hapa, na ukae karibu na watu wa Picha, kikundi cha wasanii, wale wanaofanya Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa, tangu 2008, kule utaona wasanii wanavyotumika kweli. Kile kituo cha miezi sita ukiache kwanza, kinafaa mutu mwenye anataka kuongeza kitu kimoja juu ya kile anajua.

Uliniuliza pia kama akili bandia itamaliza kazi. Vile vibarua vidogo, mualiko wa ndoa, flaya ya promosio, vinapungua, watu wanajifanyia ku simu na Canva, sitakuficha. Lakini kampuni ya mugodi haitatafuta picha nzuri tu, inatafuta mutu wa kuja kuuliza maswali, kushuka ku shanti, fasi kazi inafanyika, kusikiliza wafanyakazi, kuandika, kupiga video, kufanya montaje na kurudi kusahihisha. Jifunze ile yote. Na anza leo, Blender ya picha za 3D na Inkscape ni bule, DaVinci Resolve ya montaje ya video nayo iko na ya bule, hata mashini ya zamani itakubali Inkscape.

Kuja hapa kabla maandikisho yafungwe, tutaenda pamoja ku ile shule ya hapa, mi nitauliza yale maswali magumu kama wewe unaona haya. Ulete daftari zako zote za michoro, hata zile mama anasema ni uchafu. Uniambie tu siku utapanda basi, nitakuja kukupokea.

Wako wa siku zote